Figa la Restituta

Jumanne asubuhi Elinipa alilisukuma kwa mguu jiwe lililozuia mlango wa jikoni, akaurudisha mguu upesi. Jiwe lilikuwa na joto.

Halikuwa joto la kuunguza, bali la kitu kilichotoka kutumika, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Aliinama akaligusa kwa kiganja. Jua lilikuwa halijafika upande ule wa nyumba, na jiko lake la gesi lilikuwa limezimwa tangu jana.

"Baba Esther, hili jiwe umelitoa wapi?"

Nathaniel alikuwa akifunga kamba za viatu. "Kazini. Breki ya mkono ya pikapu haikamati, nikaliweka kwenye tairi. Si ulilalamika upepo wa ziwani unabamiza mlango? Nimekuletea jiwe, sasa na jiwe nalo lina kesi?"

Alicheka, akamshika mtoto shavu, akaondoka. Nathaniel alikuwa mpimaji wa ardhi. Alihamia Kigoma na mkewe mwaka uliopita, wakitokea Same. Bosi wake, Bwana Nickson, ndiye aliyewatafutia nyumba, na mke wa bosi, Mama Erick, ndiye aliyempa Elinipa sweta dogo la njano, pacha na la mwanawe mchanga. Mwezi huu kazi ya Nathaniel ilikuwa kuchora alama ya X nyekundu kwenye nyumba za Kichangani, mtaa wa wauza samaki ulio chini ya Katonga, ili zivunjwe kupisha mradi. Jumatatu walikuwa wamevunja ya kwanza.

Elinipa hakuuliza ilikuwa ya nani. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo.

Saa nne, akiwa uani anaanika nepi, alisikia mwiko ukikwangua chungu ndani ya nyumba. Ikamfikia harufu ya maharage na moshi wa kuni, na yeye kuni hana. Kisha sauti ya mwanamke mzee, ya upole kabisa, ikasema:

"Mwakeye."

Kiha alichokijua Elinipa kilikuwa cha kuokoteza sokoni, lakini salamu ya asubuhi aliijua. Aliitikia kwa mazoea, akaingia akitegemea kukuta mgeni. Jikoni hapakuwa na mtu. Esther, mwenye miezi saba, alikuwa ameketi mkekani akitazama nyuma ya mlango, anacheka, mdomo wazi kama anayesubiri kijiko.

Midomo yake ilikuwa na majivu.

Kuanzia saa ile mtoto hakunyonya. Elinipa alimpa ziwa la kulia, akageuza uso. La kushoto, akageuza uso. Akamfuta midomo kwa kitambaa cha maji, na kila alipogeuka kuchukua kitu kidogo, kijiko, kanga, chochote, akirudi alikuta majivu mapya kwenye midomo ile, na mtoto anatafuna polepole, ameshiba, macho yake yametulia nyuma ya mlango ambako jiwe lilikaa na joto lake, na kifua cha Elinipa kikajaa maziwa hadi kikauma, maziwa ambayo hayakuwa na wa kuyanywa.

Jumatano mchana alimfunga mtoto mgongoni, akateremka Kichangani kumtafuta Restituta. Alipojifungua, mama yake akiwa mbali, Restituta muuza dagaa ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto siku saba, na hakutaka hata kipande cha sabuni.

Kila nyumba ilikuwa ikitoa moshi, jua likiwa kali vile. Wanawake walikaa milangoni wakipepea moto.

"Huyo, mke wa rangi nyekundu!" mmoja akapaza sauti. "Kuja kupima choo changu?"

"Pita, mama, pita! Nyumba zetu si bado zimesimama? Bahati yako."

Pale ilipokuwa nyumba ya Restituta palikuwa na lundo la udongo na mabati. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya bati.

"Shikamoo, mama."

Restituta hakuitikia. "Mumeo kakutuma uhesabu mabati?"

"Sikujua ni kwako."

"Ungejua ungefanyaje? Ungeleta uji?"

Elinipa alimshusha mtoto mgongoni, na hapo Restituta akauona mdomo wa Esther. Akasimama. Akapangusa yale majivu kwa kidole, akayanusa, na sauti yake ikashuka. "Kwako kuna jiwe?"

"Lipo. Baba Esther alilitoa kazini."

Restituta alionyesha kidole kwenye lundo. Katikati ya udongo yalibaki mafiga mawili meusi, na kati yao pengo.

Akaitwa Bibi Kudra, mganga aliyezaliwa Ujiji, aliyekaa nyumba ya tatu. Naye alikuwa na X mlangoni. Alichoma ubani, akamzungushia mtoto moshi, akasikiliza kifua chake kwa sikio, kisha akanong'ona kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye chumba cha pili.

"Kila jiko la mtaa huu lina jini jike lake; hili la hapa lipo tangu enzi za bibi yake Restituta. Halijapata kumdhuru mtu. Linapenda moto na watoto. Kwetu mtu akihama anaacha moto ufe wenyewe, anaaga, anaondoka na mafiga yake yote matatu, nalo linafuata. Ndiyo maana tunapepea moto usiku na mchana. Gervasi, dereva wa katapila, ni mtoto wa hapa jirani, Kidahwe, anajua. Hasukumi nyumba yenye moto."

"Ya mama Restituta mbona ilisukumwa?"

"Mwenyewe alikuwa sokoni, kaacha maharage mekoni. Gervasi akauliza, kuna moto? Mumeo akaingia ndani, akatoka, akasema hakuna."

"Aliuzima kwa maji ya mtungi wangu wa kunywa," Restituta alisema. "Mtungi nimeukuta mtupu, kuni zimelowa."

"Nitalirudisha jiwe leo hii."

"Kurudisha utarudisha wewe," Bibi Kudra akasema. "Kuwasha atawasha aliyezima. Mwingine akiwasha, halimwachii mtoto."

"Na asipowasha?"

Bibi Kudra alimtazama mtoto. "Litaendelea kumlisha. Lina upendo. Ila chakula chake ndicho hicho."

"Mwacheni arudi naye hivyo hivyo!" ikatoka sauti nyuma. "Nao waonje!"

"Nyamaza wewe," Restituta alisema bila kugeuka. "Huyu mtoto hajachora nyumba ya mtu."

Jioni Nathaniel alisikiliza yote huku anakula. "Kesho tunavunja kumi na mbili, na Bwana Nickson atakuwepo. Mimi nipige magoti niwashe kuni mbele ya bosi? Mpeleke mtoto hospitali."

"Nimetoka huko. Wamesema mzima. Ulimwaga maji, Baba Esther?"

Aliacha kutafuna. "Ulikuwa moto kidogo tu."

Nyuma ya mlango mwiko ukakwangua chungu, mara moja, taratibu. Nathaniel aliusikia. Kisha akainuka, akaongeza sauti ya redio.

Alhamisi kulipopambazuka Elinipa alilitia jiwe kwenye ndoo, akajitwisha, mtoto mgongoni. Lilikuwa jiwe la kubebwa kwa mkono mmoja, lakini kila hatua liliongezeka uzito, na joto likapenya ndoo na ngata mpaka utosini, na nyuma yake zikaja hatua za miguu mitupu zilizosimama aliposimama na kuanza alipoanza, na mtu akawa anambembeleza Esther kwa wimbo usio na maneno, karibu kiasi kwamba Elinipa alihisi pumzi ya majivu shingoni mwake, na akajiambia usigeuke, mama, usigeuke, ukigeuka utamwachia mtoto.

Mtu akamjia mbele. Alikuwa Restituta, kanga yake ameshaikunja kuwa ngata.

"Lete hapa. Utavunjika shingo."

Walilirudisha figa kwenye pengo lake, wakapanga kuni. Saa mbili katapila likateremka, Bwana Nickson mbele kwa gari lake, Nathaniel nyuma na kopo la rangi. Wanawake walisimama milangoni, moshi ukitoka nyuma yao.

"Nani huyo kwenye kiwanja cha mradi?" Bwana Nickson alifoka. "Nathaniel! Si mkeo huyo?"

Elinipa alimwinua mtoto kwa mikono miwili. "Baba Esther, mwanao hajanyonya tangu juzi."

Gervasi akazima injini. Kukawa kimya, na ndani ya kimya hicho wote wakausikia: mwiko unakwangua chungu, pale, juu ya ardhi tupu. Esther akafungua mdomo. Majivu yakaonekana yakiingia kidogo kidogo, na hapakuwa na mkono.

Kopo la rangi lilimponyoka Nathaniel. Alipiga magoti. Njiti ya kwanza ikazimika kama iliyopulizwa. Ya pili ikazimika.

"Sema," Restituta akamwambia.

"Niseme nini?"

"Ulichofanya."

"Nilizima moto wa huyu mama," alisema. "Nikasema haukuwepo."

Njiti ya tatu ikashika. Moshi ulipopanda, Esther alikohoa, akatapika ujiuji mweusi, akalia kilio cha njaa. Elinipa alimpa ziwa palepale kwenye vumbi, na mtoto akavuta kwa nguvu hadi mama yake akatokwa na machozi.

Gervasi aliteremka. "Bosi, mimi hapa sisukumi." Funguo akaziacha kitini. Hakuna aliyepiga vigelegele. Wanawake walimtazama Nathaniel kwa macho yaleyale waliyomtazamia mkewe jana.

Siku hiyohiyo Nathaniel alisimamishwa kazi. Jumamosi Bwana Nickson alileta dereva wa mbali, asiyeuliza mambo ya moto, na kwa kuwakomoa wanawake akaingia mwenyewe na ndoo ya maji ya ziwa, mekoni kwa mekoni, huku walinzi wakiwavuta nje. Zilianguka nyumba mbili, ya Bibi Kudra na ya jirani yake, kabla mtaa mzima haujalala chini mbele ya katapila.

Wenye nyumba zile mbili hawakurusha jiwe wala tusi. Waliingia kwenye vumbi, wakanyanyua mafiga yao, mawili mawili, moja moja, wakayapanga taratibu nyuma ya gari la Bwana Nickson, wakayafunika kwa turubai lake. Elinipa, aliyekuwa amelala chini karibu na tairi, aliona. Alifungua mdomo. Bibi Kudra akamtazama, na mdomo ukajifumba.

Jumatatu asubuhi simu ya Elinipa iliita.

"Mama Esther, samahani nakusumbua." Alikuwa Mama Erick. "Baba Erick kakuta mawe kwenye gari, nikaona yananifaa kwa maua yangu barazani. Hivi jiwe linaweza kukaa na joto usiku kucha?"

Elinipa alimtazama Esther, ndani ya sweta lake la njano.

"Mama Erick, mtoto ananyonya?"

Upande wa pili mwiko ukakwangua chungu, na mwingine, na karibu kabisa na simu sauti za vikongwe, zaidi ya moja, zikasema kwa upole:

"Mwakeye."