Tela la Nafasi Tatu

Pikipiki zilikuwa mbili tu. Melkiori alizifunga mwenyewe kwenye tela kule Mofu, moja kushoto, nyingine kulia, kwa ile mipira mirefu inayokatwa kwenye tyubu za zamani. Mipira ya katikati haikuwa na kazi, akaiviringisha na kuitupa chini ya kiti cha Land Rover. Alipofika Ifakara akazunguka nyuma ya tela, akaikuta mipira hiyo imetoka chini ya kiti na imefungwa kwenye nafasi ya katikati, imezunguka hewa tupu, imebana pale ambapo mtu aliyekaa angekuwa na kiuno. Aliishika. Ilikuwa na joto la mwili.

"Watoto wa Mofu hawa, hawana adabu," alisema, akaifungua, akaenda kula.

Mtu mwingine angejiuliza maswali, maana watoto wa Mofu hawawezi kufunga mpira kwenye gari linalokimbia. Lakini Melkiori siku hiyo alikuwa na swali moja tu kichwani: Raimundi amebeba ngapi?

Hawa wawili walikuwa mafundi pikipiki, wamefundishwa na fundi mmoja, wamekula sufuria moja. Hata mke waliposa mmoja. Baba yake Frida akamchagua Melkiori, harusi ikafungwa kanisani, binti akazaliwa, wakamwita Justa. Ungedhani yamekwisha. Wapi! Raimundi akinunua spana mpya, Melkiori halali. Raimundi akisifiwa na padri, Melkiori chakula kinamshinda. Frida alikuwa akimtania, "Baba Justa, huo wivu wako ungekuwa mpunga, tungelisha Morogoro nzima." Yeye hakucheka.

Mwaka ule wa tisini na sita, mradi mmoja wa afya uliokuwa umewagawia watu wa vijijini pikipiki ulitaka fundi wa kuzifuata zile zilizoharibika na kuzileta mjini. Waliwajaribu wote wawili. Mvua zikianza, walisema, atabaki mmoja. Sharti lilikuwa tela.

Basi wakaenda Kiberege pamoja, kwenye kambi ya wakandarasi wa barabara waliokwishaondoka. Mlinzi aliyeachwa pale, mzee Pantaleo, alikuwa na matela mawili ya kuuza, yote ya kubebea pikipiki. Moja lilikuwa dogo, lina mifereji miwili ya kusimamishia tairi, limeshika kutu. La pili lilikuwa na mifereji mitatu, springi nene, na rangi yake ya bluu bado inang'aa.

Raimundi alianza na lile kubwa. Alilala chini yake, akapima ekseli kwa kiganja, akazungusha gurudumu na kusikiliza beringi, akanusa grisi. Mwisho akapanda, akachuchumaa kwenye mfereji wa katikati. Akatulia kidogo kama mtu anayesemeshwa. Akashuka haraka, akaenda kuteta na mzee Pantaleo, kisha akarudi.

"Mimi nachukua dogo," alisema. "Mbili kwa safari zinanitosha."

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru. Melkiori alihisi anapigwa chenga. Na mzee Pantaleo alipomvuta pembeni, ndipo moyo ukazidi kumchemka.

"Mwanangu," mzee alisema kwa sauti ya chini, "hili ukilichukua, ile nafasi ya katikati usiiache tupu. Ukikosa pikipiki, fungia hata gunia la pumba. Wapimaji wa barabara walifanya hivyo siku zote."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Kuna dada alipandia pale siku moja, kule kivukoni. Hakuna aliyemwona akishuka."

Melkiori alimtazama Raimundi, aliyekuwa akinawa grisi mikononi, akacheka. "Amekutuma yule, eh? Mwambie pumba ni za kuku."

Akalipa siku ileile, mbele ya macho ya Raimundi. Alichukua nafasi tatu kwa sababu mwenzake alikuwa na mbili, basi. Hakuwaza kwamba kazi yenyewe, ikigawanywa kwa mafundi wawili, ilikuwa haizidi pikipiki mbili kwa safari. Kila alipokwenda, nafasi ya katikati ilikwenda wazi na kurudi wazi.

Safari ya tatu, akitokea Mchombe, mama mmoja mwenye ndoo ya mchele alimsimamisha.

"Naomba lifti, mwanangu. Nitakaa hapohapo kwenye tela."

"Panda, mama."

Yule mama akaenda nyuma. Akarudi upesi, macho chini. "Basi, wewe nenda tu. Mwenzangu hataki kusogea."

Melkiori akatazama kwenye kioo cha pembeni. Hakumwona mtu, lakini zile pikipiki mbili, alizozifunga zimesimama wima, zilikuwa zimelalia nje, huku na huku, kama abiria waliobanwa na mtu mnene, na springi za tela zilikuwa zimeshuka hadi chini. Akatia gia, akaondoka. Ndipo ikaja harufu, harufu ya tope la mto na mafuta ya nywele, ikitoka nyuma kuja mbele ilhali gari linakwenda kasi na upepo unaelekea nyuma, ikamjaa puani mpaka alipofika nyumbani kwake.

Frida alimpokea mlangoni, akasimama. "Baba Justa, umembeba nani?"

"Pikipiki."

"Pikipiki siku hizi zinapaka mafuta ya nywele?"

Waligombana. Frida, ambaye hakuwa amemwonea mumewe wivu hata siku moja, alikagua shati lake, akakagua kiti cha gari, akalia. Na ndani ya kile kilio chake Melkiori alisikia mtu wa pili akiguna taratibu, kwa raha.

Tangu hapo Frida akaanza kusogezwa. Alikaa kwenye kigoda akapepeta mchele, akainuka ghafla, akahamia chini. "Nani kakwambia uhame?" mumewe akauliza. "Yeye," alijibu, kisha hakukumbuka alichosema. Kitandani alijibana ukingoni, akaanguka, akalala sakafuni. Sahani yake aliisukumia pembeni, akisema mwenzake hajashiba. Baada ya wiki moja mifupa ya mabega ilitokeza. Walimpeleka Justa kwa bibi yake. Padri alikuja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka, na Frida akala vizuri siku mbili. Siku ya tatu Melkiori alikwenda Mofu na tela lake, akarudi nalo, na Frida akarudi sakafuni.

Alijua. Tusimtetee. Alijua kabisa kwamba ni lile tela, na kwamba likiondoka mkewe atapona. Lakini mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu zianze, na bila tela kazi ingekuwa ya Raimundi.

Siku moja asubuhi Raimundi mwenyewe akaja, na samaki wabichi wamefungwa kwenye majani.

"Melki," alisema polepole, asimwamshe mgonjwa, "achana na tela lile. Siku ile pale katikati mtu alininong'oneza sikioni, akaniuliza kama nina nafasi. Nikamwambia sina."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza mimi? Nilimwomba mzee Pantaleo akwambie." Raimundi akashusha pumzi. "Njoo tutumie hili langu kwa zamu. Leo wewe, kesho mimi. Wakimchagua mmoja, atamwajiri mwenzake."

Frida, kule kwenye mkeka, alifumbua macho. "Ahsante, shemeji," alisema, akatabasamu.

Tabasamu hilo Melkiori alikuwa hajaliona kwa majuma. Lilimchoma kifua. Nje, tela lililokuwa halina mzigo wowote lililia springi, likashuka.

"Toka kwangu," alimwambia Raimundi. "Toka na samaki wako."

Kesho yake akaenda Mofu, kesho kutwa akaenda Mchombe. Aliporudi, Frida hasemi tena. Analia tu bila sauti, mdomo wazi, amejikunja kwenye kona ndogo kuliko mtoto. Hapo ndipo hofu ikaushinda wivu, akageuza gari kumfuata bibi Nyamizi, mganga wa Kisukuma aliyehamia Mchombe.

Nyamizi alifika saa nane mchana. Alilizunguka tela mara moja, akaagiza gunia la pumba, akalifunga mwenyewe kwenye nafasi ya katikati mpaka mipira ikalia.

"Hapa hatarudi tena," alisema. "Sasa nitamtoa kwa mkeo. Akitoka atakuuliza aende kwa nani. Wewe kaa kimya. Jua likizama hajapata jibu, atarudi mtoni kwake. Lakini ukimtajia jina la mtu, hata kwa kunong'ona, mimi sina dawa tena. Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa, bibi."

Akawasha majani yake, akatikisa njuga. Moshi ukajaa chumbani. Frida akaketi wima, yeye aliyeshindwa hata kuinua kijiko, na mdomo wake ukatoa sauti ya mwanamke mwingine, nzito, tulivu.

"Kwangu mmepajaza. Niende kwa nani?"

Melkiori alikaza macho dirishani, akilitafuta jua.

"Niende kwa nani, Melkiori?"

Aliuma mdomo. Sauti ikauliza tena, ikauliza kwa sauti ya Justa anayeita kutoka nje kwenye mvua, ikauliza kwa sauti ya mama yake Melkiori aliyezikwa miaka saba iliyopita, na yeye akaziba masikio lakini ikamsemea ndani ya kiganja, na jua likateremka dirishani likafika kwenye mguu wa kitanda, likafika sakafuni, limebaki kidogo sana, Nyamizi anatoka jasho na njuga zinamchosha mkono, ndipo ile sauti ikawa laini, ya kirafiki, ikamwambia unajua leo Raimundi ameitwa ofisini, unajua wamemkalisha kwenye kiti na kumpa chai, na unajua siku baba yake Frida alipoikataa posa ya Raimundi, huyu mkeo alilia usiku kucha?

"Raimundi!" Melkiori alipiga kelele. "Nenda kwa Raimundi!"

Njuga zikaanguka.

Mdomo wa Frida ukacheka. "Huyo nilishamwomba mapema, kulekule Kiberege. Hana nafasi. Wewe unayo, tena pana. Nilikuwa nangoja uniite tu."

Frida akaanguka chali, akalala usingizi mzito. Nyamizi aliokota vitu vyake. Hata kuku wa malipo yake hakumchukua.

"Bibi, ametoka?"

"Kwa mkeo ametoka," alisema akiwa ameshafika nje, bila kugeuka.

Asubuhi Melkiori alikuwa uani, anakoroga uji. Alijisikia vizuri. Mwili ulikuwa mzito kidogo, lakini vizuri. Akasikia mlango, akageuka, na Frida alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, kanga ameifunga vizuri, macho maangavu. Alimtazama Melkiori. Kisha akapiga goti kidogo, kama binti aliyelelewa.

"Shikamoo, mama."

Melkiori akacheka, akidhani anataniwa. Frida hakucheka.

"Unisamehe, mama, sijui umefika saa ngapi. Nilikuwa naumwa." Akaangaza uani, akatazama barabarani. "Baba Justa yuko wapi? Amenihangaikia sana, mume wangu. Nataka nimwambie nimepona."

Melkiori alifungua mdomo amwambie ni mimi hapa. Lakini lile jina, Frida alivyolitamka, lilimchoma kifua palepale pa siku zote. Nani huyo mwanamume anayeitwa kwa sauti tamu namna hiyo? Ana nini hasa cha kutafutwa asubuhi yote hii? Akashika mwiko kwa nguvu, akamchukia kwa moyo wake wote.

"Hayupo," alisema, kwa ile sauti nzito, tulivu, ya jana. "Wala harudi."