Aligonga Mlango Wangu Mara Tatu

"Toa mikono yako kwenye mguu wa huyo mama."

"Na wewe toa domo lako chumbani kwa watu."

Ndivyo tulivyoanza, wapendwa, saa nne asubuhi. Mimi mlangoni na ndoo ya kufulia, yeye kapiga magoti kando ya kitanda cha mama mwenye nyumba.

Mimi nasomea uuguzi. Yeye, jirani yangu wa chumba cha pili, anasomea fiziotherapia, wale wa kunyoosha viungo. Nilimbatiza Mkandaji. Wiki ya tatu hatusemeshani, sababu kamba ya kuanikia nguo. Msicheke.

Chuoni ndo kituko. Kuna somo la pamoja: wauguzi, wafamasia, madaktari, wote kundi moja. Sisi wawili tuliandika kazi kuhusu ushirikiano... kila mtu ukurasa wake, bila neno. Tukapata themanini na nane.

Sasa huyu mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga wiki mbili nyuma. Na mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, unang'aa kama umepakwa mafuta.

Uvimbe wa namna ile, huenda damu imeganda ndani. Ukikanda, bonge linang'oka, linakimbilia mapafuni. Mtu anakata roho unamtazama.

"Unamkanda? Unataka kumuua?"

"Nani kakwambia namkanda?" Akainua mkono. Alishika futi ya fundi cherehani. "Napima. Huu umeuzidi mwenzake sentimita nne. Jana zilikuwa mbili."

"Uliona jana ukanyamaza?"

"Nilikugongea mara tatu nikuulize kama anameza dawa zake. Ukaongeza redio."

Jamani... nilimsikia. Nikaongeza redio.

"Hamezi," nikasema. "Zile za kuzuia damu isigande, kaacha tangu Jumapili. Fizi zilikuwa zinatoka damu. Aliniambia mimi, nikamwambia nitamuulizia. Sikuuliza."

Tukatazamana. Yeye ana nusu, mimi nina nusu, mama wa watu yuko katikati.

Hapo mama akashika kifua.

"Wanangu... mbona pumzi haifiki?"

Midomo ikageuka rangi ya majivu.

"Muinue mgongo," Mkandaji akasema. "Mguu usiguswe. Mimi napigia hospitali simu."

"Pumzi thelathini na mbili kwa dakika. Waambie."

"Thelathini na mbili," akawaambia. Mama alining'ang'ania kidole hadi kikafa ganzi, na mimi nahesabu, naogopa kufika mwisho wa hesabu.

Hospitali daktari aliuliza, tukajibu kwa zamu kama mdomo mmoja. Kipande cha damu iliyoganda kilikuwa kimeshafika pafuni.

"Mngechelewa saa moja, tungempoteza," akasema.

Mama alirudi siku ya tisa. Nikamwambia ukweli wote mbele ya Mkandaji, kisha nikaenda kufunga mizigo. Nani ampangishe aliyetaka kumzika?

Niwaambie, ndugu zangu: themanini na nane ya kwenye karatasi haimhesabii mtu pumzi. Ulichojua ukakikalia kwa kisirani, umemnyima mgonjwa, hujamkomoa jirani.

Nikiwa nafunga begi, mlango ukagongwa. Mara tatu.

Safari hii nilifungua.

"Weka begi chini," Mkandaji akasema. "Mama kapakua sahani tatu, anasema hatii tonge mdomoni mpaka ukae. Njoo kwake tule, muuguzi, vinapoa."