Nguzo ya Kumi na Tano

Hebu niambie wewe unayesikiliza: daktari akikwambia umepona, na dada yako wa tumbo moja akikwambia hujapona, utamsikiliza nani?

Mshonaji aliwasikiliza wote wawili, tena kwa adabu. Kisha akainama, akavuta viatu vyake vya kukimbilia vilivyokuwa uvunguni mwa kitanda, akavitia kwenye mfuko wa nailoni, akatoka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kuona wagonjwa. Mbele ya lango la hospitali watu walijaa kama siafu. Huyu kabeba chupa ya uji, yule mashuka yaliyokunjwa, na mwingine anasukuma kiti cha magurudumu kwa mkono mmoja huku anagombana na simu kwa mkono wa pili. Kando ya lango, chini ya mwavuli mkubwa uliopauka, alikaa fundi viatu, mwanaume mrefu mwenye aproni ya ngozi na penseli sikioni. Chombo chake alichokipenda kilikuwa msharasi, kile chuma chembamba chenye mpini cha kutobolea ngozi, na mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa.

Mshonaji alivaa gauni la kijani lenye mikunjo kiunoni, alilojishonea kabla ya kuugua. Lilimpwaya hata ungedhani kaliazima kwa shangazi yake. Cherehani anayo, uzi anao, na kulipunguza ni kazi ya nusu saa. Hakutaka. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Silipunguzi. Nitalijaza."

"Karibu, bibie," fundi akasema. "Kiatu kina shida gani?"

"Soli imeachia."

Fundi akakigeuza kiatu, akakitazama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akamtazama mwenye kiatu.

"Imeachia yenyewe?"

"Sasa iachishwe na nani?"

"Nauliza tu. Viatu vina mambo yake."

"Wewe fundi au mpiga ramli?"

"Fundi. Na wewe?"

"Fundi pia. Cherehani."

"Aa! Basi wewe unawavisha juu, mimi nawavisha chini. Hapo katikati tumwachie nani?"

Mshonaji akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka akashika mti wa mwavuli. Fundi akainuka kumpa kigoda chake. Hakukikalia.

"Nimelala humu ndani wiki kumi na moja," alisema alipopata pumzi. "Mapafu yalijaa maji, wakanitia mrija ubavuni. Sasa daktari ameniruhusu kukimbia, mradi nianze kidogo kidogo. Nataka kuuzunguka ukuta huu wa hospitali. Wote, bila kusimama."

"Uwanja wa mpira upo hapo nyuma, tena una nyasi. Kwa nini ukuta?"

"Nina sababu zangu."

Nje ya ukuta ule zilisimama nguzo za taa arobaini, zote sura moja. Fundi aliijua idadi yake kwa sababu alipita chini yake kila siku. Ndipo wakapatana hivi. Mshonaji ataanzia langoni alfajiri, akimbie hadi nguzo yenye alama ya chaki, ageuke arudi. Kila Jumatatu fundi ataisogeza alama nguzo moja mbele, kwa ile chaki yake ya kuchorea ngozi. Siku atakayofika ya ishirini na kurudi, atakuwa amekimbia urefu wa nguzo arobaini, na hapo hatageuka tena, atazunguka.

"Wewe hesabu," mshonaji akamwambia. "Mimi nikihesabu pumzi hainitoshi."

Nguzo ya kwanza alirudi anatembea. Ya tatu alitapika. Ya saba alirudi anatabasamu, kitambaa chake cha kichwa cha rangi ya machungwa kimemwangukia shingoni, na fundi akasahau kiatu cha mteja mkononi.

Simu nazo zikaanza.

"Umeshakula, fundi wa chini?"

"Nakula sasa. Umemeza dawa, fundi wa juu?"

"Nimemeza. Sauti yako leo nzito, una nini?"

"Nimekukumbuka."

"Tumeonana asubuhi!"

"Asubuhi ilikuwa asubuhi, kipenzi."

Dada mtu akisikia anabamiza sufuria jikoni. "Mgonjwa anacheka na simu!" husema. "Kesho mtanilaza tena kwenye mabenchi ya hospitali." Tusimlaumu. Wiki kumi na moja si mchezo, na mabenchi yale aliyalalia kweli.

Basi asubuhi moja, kwenye nguzo ya kumi na tano, kikohozi kilimshika mshonaji vibaya. Alipiga magoti, viganja chini, mgongo unapanda na kushuka. Fundi alikimbia na chupa ya maji, aproni inampiga magotini. Baada ya robo saa mshonaji alisimama, akajipangusa, akasema, "Si kitu. Jumatatu sogeza."

Jumatatu fundi akachukua chaki, akasimama chini ya nguzo ya kumi na sita. Mkono ukakataa. Akarudi kwenye ya kumi na tano, akaikoleza alama ileile.

"Leo ngapi?" mshonaji akauliza aliporudi.

"Kumi na sita," fundi akasema, macho kwenye kiatu.

Upande ule hakuna duka wala mlango, ni ukuta mweupe tu na nguzo, na alfajiri bado kuna giza. Mshonaji aliamini. Wiki iliyofuata akaambiwa kumi na saba, kisha kumi na nane, kisha kumi na tisa. Na jamani, mbio zikawa nyepesi! Alirudi anaimba. Alimpigia simu mchana, "Kipenzi, kifua kimefunguka. Sikohoi hata kidogo. Bado moja tu!" Fundi aliitikia, "Hongera, mpenzi," na chakula chake akakifunika.

Ijumaa mshonaji alikwenda kupeleka sare za wauguzi kwenye lango la nyuma. Alipita kando ya ukuta kwa miguu, jua la saa saba limewaka, mzigo kichwani, hana haraka. Akajihesabia kwa raha zake. Moja, mbili, tatu. Alipoifikia alama ya chaki alikuwa kwenye kumi na tano. Akarudi langoni, akahesabu upya. Kumi na tano.

Alikwenda moja kwa moja chini ya mwavuli. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha fundi.

"Kumi na tisa iko wapi?"

Fundi akaweka msharasi chini. "Nilikusikia ukikohoa siku ile. Niliogopa."

"Nilidhani nimepona. Nilikuwa naimba. Kumbe kilichokuwa chepesi ni umbali uleule wa jana na juzi."

"Mpenzi, nilitaka upumzike kidogo tu..."

"Mimi ni fundi cherehani. Vidole viwili vikipotea kiunoni, nguo haimwingii mwenyewe. Anayekupima uongo anakushonea nguo ya mtu mwingine. Dada yangu ananiona maiti, lakini ananiambia usoni. Wewe umenizika huku unanipigia makofi."

Akaondoka. Gauni la kijani halikumpwaya tena sana mabegani, lakini nani angemwambia saa ile?

Simu ikaita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara alipokea dada mtu, na siku ya nne pia.

"Yuko kwenye cherehani," alisema. "Na akitoka hapo anaoga. Na akitoka kuoga analala."

"Shikamoo, dada. Mwambie nasema samahani."

"Marahaba. Samahani yako nimeshampelekea mara tatu, shemeji, miguu inaniuma." Kisha akashusha sauti. "Lakini nilichokiona si cha kawaida. Tangu umuudhi anaamka mapema kuliko mwanzo."

Alisema kweli. Fundi alipofika kazini alikuta kipande cha kitambaa chekundu kimefungwa kwenye nguzo ya kumi na sita, fundo la kishonaji, dogo na kali. Baada ya siku chache kikaonekana kingine kwenye ya kumi na saba, kisha ya kumi na nane. Mshonaji alikuwa anakimbia kabla mwavuli haujafunguliwa, anajihesabia mwenyewe, na akikosa pumzi anakaa chini mpaka irudi, peke yake.

Fundi alivitazama vitambaa vile kila asubuhi asivisogelee. Hata usiku wa mvua ulipopita, akakikuta cha kumi na nane kimeanguka kwenye tope. Alichutama mbele yake muda mrefu. Angeweza kukifunga, na hakuna ambaye angejua. Akatoa simu.

Mara hii alipokea mshonaji mwenyewe.

"Kitambaa cha nguzo ya kumi na nane kimeanguka," fundi akasema. "Sijakigusa. Njoo ukifunge mwenyewe."

Cherehani ilisikika kwa mbali, kisha ikasimama.

"Mbona hukukigusa?"

"Kwa sababu si hesabu yangu." "Mama yangu aliniambia, 'Nenda kazini, mwanangu, sijambo.' Nikaenda. Niliporudi nilikuta majirani. Tangu hapo kikohozi cha mtu ninayempenda kinanitoa akili. Sikuombi unisamehe kwa sababu hiyo. Nataka ujue tu."

Mshonaji akahesabu siku kwa vidole.

"Jumamosi ya wiki ijayo," alisema, "nazunguka. Wewe kaa langoni. Usije nguzo yoyote. Usilete maji. Hata ukinisikia nakohoa, kaa."

"Nitakaa."

Jumamosi ikafika. Dada mtu alikuja amejifunga khanga mbili na kanuna, lakini alikuja. Mshonaji alikaza kamba za viatu, akaupita mwavuli bila salamu, akaenda.

Nguzo ya kumi na tano aliipita bila kuitazama. Kwenye ya ishirini hakugeuka, na mbele yake hapakuwa na kitambaa wala chaki. Ya ishirini na saba ubavu ulichoma pale palipokuwa na mrija. Akaukandamiza kwa kiganja, akaendelea. Ya thelathini na moja kikohozi kikaja. Hakusimama. Alipunguza mwendo hata mbuzi angempita, anakohoa anasogea, anakohoa anasogea.

Langoni kikohozi kilisikika nyuma ya kona ya ukuta. Dada mtu akaruka kutoka kwenye kigoda. "Husikii? Nenda!"

"Nasikia," fundi akasema. Aligongelea msumari ambao ulikwisha zama zamani. Hakuinuka.

Kisha kona ikatoa kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa.

Alifika amelowa, midomo mikavu. Aliugusa mti wa mwavuli. "Arobaini," alisema. Dada mtu alilia kwa sauti mpaka mlinzi wa lango akatoka kutazama.

Fundi alisimama mikono nyuma. "Naruhusiwa kukushika?"

"Subiri nipumue." Akapumua. "Ile soli ya siku ya kwanza..."

"Ilikatwa kwa wembe," fundi akasema taratibu. "Uzi mmoja mmoja, kwa mkono wa fundi cherehani. Nilijua palepale."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ukasema imeachia yenyewe. Nikangoja siku utakayotaka kusema."

Mshonaji akanyanyua kidole, akaonyesha juu ya ukuta, ghorofa ya pili, dirisha la tatu.

"Pale ndipo palipokuwa kitanda changu. Kwa ajili ya mrija sikuweza kulala ila ubavu mmoja, na ubavu huo ulitazama mwavuli wako. Wiki kumi na moja nilikuona unafungua, unafunga, unaongea na viatu vya watu. Nilitaka nitoke humo nije kwako kwa miguu yangu mwenyewe, nisiletwe na mtu, nisihurumiwe na mtu. Basi nimefika. Sasa nataka unioe."