Baba wa Kwenye Daftari

Jumatatu ile dispensari ya kando ya barabara ya Kilwa ilifurika mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mabenchi manne, wagonjwa mia na ushei. Mvua za masika zilikuwa zimeigawia Mtoni nzima homa kwa mkupuo mmoja, na aliyekosa homa alikuja kumsindikiza mwenye nayo, maana pale ndipo habari zilipokuwa.

Tunu binti Pazi alifika kabla jua halijapanda, akapewa kipande cha bati chenye namba arobaini na moja. Kanga zake za njano zilikuwa zimepauka kwa kufuliwa, moja kiunoni, moja begani, na mtoto alikuwa kamfunga kifuani badala ya mgongoni ili amsikie akipumua. Tabu, binti wa miaka mitatu, alikuwa wa moto kama kikaango.

Lakini ungemtazama mama mtu usingedhani ana mgonjwa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja zamu ya maji bombani. Mwaka uliotangulia, kwenye masika kama haya, alimzika kaka yake Tabu, Sadallah, akiwa na miaka sita. Tangu siku hiyo alikaanga vitumbua vyake, akauza, akaitikia salamu za watu, yote kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, ukiufinya hujui. Marijani, aliyekuwa mumewe, alimpa talaka baada ya arobaini ya mtoto akarudi kwa mama yake Bunju. Na mwezi uliopita Marijani huyohuyo alimtumia neno kwa mchukuzi wa nazi: Tabu naye akiugua mikononi mwako, nakuja kumchukua. Kwa hiyo asubuhi ile Tunu alikuwa na vitu viwili vya kuogopa, homa na Bunju, ingawa hata hofu yenyewe aliijua kwa akili tu.

Pembeni yake alikaa mwanamume mrefu, kaptura ya kaki yenye madoa ya oili, mkono wa kushoto umezungushiwa kitambaa kilicholowa damu. Jina lake Jabiri, fundi wa karakana ya reli. Chuma kilikuwa kimemng'ata kidole tangu alfajiri. Namba yake ilikuwa tisa. Alikaa kimya mpaka bibi mmoja wa benchi la mbele, aliyechoka kukaa bila kumjua jirani yake, alipomuuliza Tunu ni mtu wa wapi. Tunu akajibu kwamba ni Mzaramo, kwao Mbagala.

Jabiri aligeuka kama aliyeitwa.

"Mzaramo? Na mie Mnyamwezi wa Tabora. Kumbe nimekaa na mtumwa wangu asubuhi yote, hata shikamoo hajanipa."

Baraza likacheka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zao. Wanatukanana pasipo kukasirika, hata penye maiti, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Jabiri, kama mtu aliyepata dawa ya kidole, akaendelea. Akasema Wazaramo wanamaliza mavuno yote ngomani kisha wanakuja dispensari kuomba dawa ya njaa. Bibi wa benchi la mbele alicheka mpaka akashika mbavu.

Tunu hakucheka, wala hakununa. Alisema taratibu, bila kugeuza shingo, "Mtani, mwanangu amegeuza macho."

Jabiri akamtazama mtoto. Mzaha ulimtoka usoni, ila mdomoni ukabaki. Akanyanyuka, akaruka miguu ya watu, akafika dirishani kwa dresa, msaidizi wa daktari.

"Dresa, namba tisa ni mtoto wangu huyu. Nilimwacha kwa Mzaramo mwezi mmoja tu, tazama alivyomfanya. Muone yeye kwanza, mkono wangu utangoja."

Kwenye foleni hakuna aliyelalamika, maana waliujua utani. Wengine walicheka huku wakimsukuma Tunu mbele. Lakini dresa Gozbert alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke Bukoba, na hakuna aliyewahi kumsimulia nani ni mtani wa nani huku pwani. Alichovya kalamu akaandika kama alivyosikia. Mtoto: Tabu. Baba: Jabiri, fundi, karakana ya reli. Tunu aliiona kalamu ikienda. Yeye alifundishwa herufi za msahafu, hizi za kizungu hakuzijua, hivyo hakuuliza.

Mtoto alipigwa sindano ya kwinini, akalazwa kwenye chumba cha nyuma chenye vitanda sita. Mama aliruhusiwa kulala naye, chini. Saa ya wageni ilikuwa kumi jioni, baba na mama tu, kwa agizo la daktari.

Siku ya pili Jabiri alirudi kufungwa kidonda. Akapita karibu na mlango wa nyuma, pengine kwa bahati, pengine siyo. Mlinzi akamuuliza jina, akafungua daftari, akaliona, akamwambia, "Si wewe ndiye baba? Ingia." Jabiri akajua kwamba daftari limekosewa. Angeweza kusema. Alinyamaza, akaingia, na Tunu akadhani kila mtu anaruhusiwa.

Basi akawa anakuja kila saa kumi, na machungwa yaliyokwisha menywa kwa mkono mmoja, yamechubuka kama yaliyopigwa. Alikaa chini, mgongo ukutani, akaongea kwa wawili. Alisimulia jinsi msimamizi wa karakana anavyotukana kwa lugha tatu na hakuna hata moja anayoijua vizuri. Tunu alikuwa anasikia kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya tatu. Hakumfukuza.

Siku ya tatu homa ilivunjika. Tabu alifungua macho akasema neno moja: njaa.

"Mzaramo wa kweli," Jabiri akasema. "Karudi toka ahera, kitu cha kwanza anadai sahani."

"Na Mnyamwezi wa kweli," Tunu akajibu, "anakaa kuhesabu matonge ya mwenzie."

Kila mmoja akashangaa neno lile limetoka wapi. Tunu aliinama akamlisha mtoto uji. Kesho yake, saa tisa na nusu, alijikuta anaifunga kanga upya, kisha anaifungua, kisha anaifunga tena. Akajiuliza anafanya nini.

Siku ya tano Jabiri alikuja amenyoa.

"Tunu."

"Bibi Tunu, kwako."

"Bibi Tunu, mie sina mke."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimejijibu."

Alimpa Tabu chungwa akaondoka mapema, na Tunu akabaki anayatazama maganda mpaka mfagiaji alipokuja kuyazoa.

Siku ya sita Marijani akafika. Habari ya ugonjwa ilikuwa imempata kwa mchukuzi yuleyule wa nazi, akatoka Bunju asubuhi kwa kanzu nyeupe, na mkononi kuku aliyefungwa miguu. Si mtu mbaya Marijani, watu waseme kweli. Ila alipomzika Sadallah alishindwa kuutazama uso wa Tunu, akaona afadhali Bunju. Mlangoni mlinzi alimzuia. Akasema yeye ni baba wa Tabu. Mlinzi akafungua daftari akamsomea, tena kwa sauti, kwamba baba ni Jabiri, fundi wa reli.

Aliyeshuhudia ni Filomena, mke wa karani wa posta, jirani wa Tunu, aliyekuwa ameleta uji. Filomena hasemi uongo, ila hana kabati la kuwekea ukweli. Jua halijatua, kila baraza la Mtoni lilikuwa na hadithi yake: kwamba Tunu ana mume wa siri, kwamba ni mkubwa wa reli, kwamba hata talaka ilitokana naye. Marijani aliacha kuku kwa muuza kahawa akatamka mbele za watu kwamba anakwenda kwa kadhi. Mwanamke aliyeingiza mwanamume mwingine hana haki ya kukaa na mtoto wake.

Saa kumi Jabiri alipoingia, Tunu alikuwa amekwisha somewa daftari.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya pili. Ningesema, wangenitoa nje."

"Kwa hiyo ukaona ukae." Hakupandisha sauti, angepandisha, Jabiri angeona nafuu. "Ulinitukana mbele ya watu nikakuachia, ndiyo utani. Sasa huo utani wako unanichukulia mtoto. Usije tena."

Jabiri hakuja tena. Tabu aliuliza mara mbili kuhusu machungwa.

Shauri lilisikilizwa Alhamisi. Baraza la kadhi lilijaa kama harusi. Nusu ya waliokuwa dispensari Jumatatu ile walifika, na bibi wa benchi la mbele alipata mkeka wa karibu kabisa. Jabiri alikuja bila kuitwa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na nyuma yake dresa Gozbert na daftari kwapani. Jabiri alieleza tangu bati la namba mpaka machungwa, na hakujificha pale aliponyamaza. Gozbert akasema, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba yeye aliandika alichoambiwa, na kwao Bukoba mtu akisema mtoto ni wake huwa ni wake. Kadhi, mzee wa pwani, alicheka mpaka akavua miwani. Akaamuru jina lifutwe, liandikwe la Marijani. Kisha akavaa miwani, na kicheko kikaisha.

Akasema daftari si kitu. Kitu ni sheria. Mama humlea mwanawe mpaka miaka saba, na baada ya hapo mtoto mwenyewe huulizwa anataka kukaa kwa nani. Lakini mama akiolewa na mtu asiye ndugu wa mtoto kabla ya hapo, mtoto huenda kwa baba. Marijani akaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo alilolifuata.

"Binti Pazi," kadhi akauliza, "una nia na mtu huyu?"

Watu waliacha hata kukohoa. Tabu alikuwa amelala mapajani, mdomo wazi, pumzi zake baridi kama za mtoto yeyote. Jabiri alisimama mlangoni. Mtu mwenye macho angejua kanzu ile haikupigwa pasi kwa ajili ya ushahidi.

"Sina," Tunu akasema.

Kadhi akaanza kutamka kwamba mtoto atabaki kwa mama. Marijani alitazama mikono yake. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Wiki mbili zikapita. Vitumbua vilikaangwa, vikauzwa. Tunu alikuwa amekipata alichokitaka, Tabu anakimbiza kuku uani, na ile ganzi ikamrudia yote, pengine na nyongeza. Ijumaa jioni Filomena alikuja kuazima chungio, akasema kama mtu asiyesema kitu kwamba mtani wako ameomba uhamisho. Anarudi Tabora. Treni ni kesho mchana.

Tunu alimpa chungio. Kesho yake alimfunga Tabu mgongoni, akatembea kutoka Mtoni mpaka stesheni.

Alimkuta kwenye behewa la daraja la tatu, amekaa juu ya sanduku lake la bati karibu na mlango. Jabiri alipomwona alishuka, akasimama mbali kidogo, kama watu wasiojuana.

"Umekuja kunifukuza na hapa?"

"Nimekuja kukwambia kwamba nilimdanganya kadhi."

Jabiri akasogea hatua moja.

"Sikuapa," Tunu akaongeza. "Aliniuliza tu."

"Kwa nini, Tunu? Nilitoka mle ndani miguu siijui."

"Ningesema ninayo, saa hii Tabu yuko Bunju. Mmoja nimemzika. Huyu wa pili nisingeweza kumtoa kwa mkono wangu, hata kwa ajili yako."

Abiria walikuwa wanapitisha magunia madirishani. Jabiri alisema atamwendea msimamizi, atamwambia amebadili mawazo, atabaki. Tunu akakataa. Akasema, "Ukibaki watu watatuona, na wakituona watasema, na wakisema Marijani atasikia. Na mie sitaweza kukuona kila siku nikaendelea kusema sina."

"Basi niambie nifanye nini."

"Tabu ana miaka mitatu. Akitimiza saba, akiulizwa, akisema mama, njoo upose."

"Miaka minne. Nitakuja na mvi."

"Babu zako walitembeaga toka Tabora mpaka huku pwani na pembe za ndovu kichwani. Wewe una treni."

Jabiri alijaribu kucheka ikamshinda. Akaweka mkono wenye kovu kichwani kwa Tabu, akauacha hapo. "Nitakuja," akasema. "Hata ukiwa umezeeka na Wazaramo wenzio wamekukataa."

"Panda gari lako, mtani."

Filimbi ikalia. Tunu hakungoja kupunga mkono.

Alipofika Mtoni wanawake walikuwa barazani kwa Filomena, wanasukana. Wakamuuliza stesheni kulikuwa na nini. Alikusudia kusema mtani wangu kasafiri, basi, aingie kwake. Lakini alipofungua kinywa sauti haikuja na maneno. Akakaa pale chini alipokuwa amesimama. Filomena alimfungua Tabu mgongoni. Mwingine akasogea kumpa mkeka. Na Tunu akalia, mara ya kwanza tangu Sadallah, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, mpaka Tabu akaja kumshika mashavu kuangalia yale maji yanatoka wapi. Kisha akawasimulia yote, tangu benchi mpaka filimbi, hakubakisha kitu.

Usiku haujaingia Mtoni nzima ilikuwa inajua kwamba Tunu binti Pazi ana mchumba Tabora. Lakini mchukuzi wa nazi hakuambiwa na mtu, na Bunju halikufika hata neno moja.