Mikono ya Mwalimu Urbain

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima wakati Urbain alipopanda uwanjani kutafuta mpira wake wa gofu. Mpira mmoja tu. Mwingine angeuacha, lakini huo alipewa na Mzungu aliyerudi Ubelgiji, na Urbain alikuwa ameapa kuanza nao mechi ya kesho. Tena alikwisha kuwatangazia watu wote, maana bwana yule hakuweza hata kunywa chai bila kutangaza.

Albertville ya miaka ile ya hamsini, mji wa bandari kando ya ziwa, ilikuwa na uwanja wa gofu wa Wazungu, na mtu mweusi mmoja aliyelipwa kucheza humo, ndiye Urbain. Alianza kwa kubeba mifuko ya fimbo, akajifunza kwa macho, mwishowe akawafundisha Wazungu wenyewe. Alikuwa hodari, hilo nisimnyime. Ila sifa zilimlevya. Wachukuzi wa fimbo, wenzake wa jana, aliwaita washenzi na kuwalazimisha wamwite mukubwa.

Kesho angepambana na mchezaji kutoka Élisabethville. Akishinda, anahamia huko kucheza kwa mshahara. Akishindwa, anarudi kubeba mifuko.

Mpira ulikuwa umeangukia kilimani, karibu na kijumba cha mizimu, kijumba cha nyasi kisichofika gotini. Wazungu walikiacha kwa sababu wachukuzi waliapa kutofanya kazi kikibomolewa. Kila apitaye pale, hata Mkristo wa kila Jumapili, huchutama akapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa. Makofi ya namna ile hapigiwi mtu aliye hai. Ni ya mizimu tu.

Urbain alipita wima siku zote. Mikono yake ilikuwa ya kazi, alisema, si ya kubembeleza nyasi.

Jioni ile alisikia harufu kabla ya kuona kitu. Harufu ya pemba, ule udongo mweupe wa mizimu, ukiwa mbichi...

Bibi kizee alikuwa ameketi kando ya kijumba. Mpira ulikuwa mapajani mwake.

"Weye, leta mpira," Urbain alisema.

"Mutoto wangu," bibi alinong'ona, "unapita kwa watu bila kusalimia?"

"Nisalimie nani hapa? Weye na uchafu wako?"

Akaupokonya mpira. Vidole vya bibi vilikuwa baridi, vikamwachia unga mweupe viganjani.

"Haizuru," bibi alisema taratibu. "Mikono itasalimia yenyewe."

Urbain alicheka, akajifuta kwenye suruali. Alipogeuka kumtupia tusi la mwisho, hapakuwa na mtu.

Asubuhi Wazungu walijaa na miavuli yao. Urbain aliweka mpira, akatanua miguu kwa maringo, akainua fimbo.

Mikono ikaiachia.

Fimbo ilianguka nyuma yake. Viganja vikajikunja, vikakutana mbele ya kifua.

Pa... pa... pa...

Wazungu walicheka wakidhani ni mzaha. Wachukuzi hawakucheka. Walirudi nyuma mmoja mmoja, macho chini. Urbain aliokota fimbo, akaikaza mpaka mishipa ikamtoka. Pa... pa... pa... Mara ya tatu fimbo iliruka, ikaparaza kofia ya mke wa msimamizi wa uwanja. Mechi ikasimamishwa. Daktari alisema ni jua, apumzike, wataanza upya kesho. Mtu mweusi, mzaliwa wa hapa, eti amepigwa na jua! Na yeye aliitikia, kwa kuwa uongo ule ulimsitiri.

Nyumbani Émérence, mkewe, aliitazama mikono ile kwa muda mrefu.

"Papa Urbain, kule kilimani ulisalimia?"

"Nimusalimie kibibi muchafu?"

"Kibibi gani?" Sauti yake ilishuka. "Pale hapakai muntu. Nenda uombe radhi, jua lingali juu."

Alienda. Msidhani alijuta. Njia nzima alikuwa akinung'unika kwamba atawapigia makofi yao, wanyamaze, na kesho kutwa apande gari la moshi kwenda zake Élisabethville. Alipofika jua lilikuwa linazama. Alitazama kushoto na kulia, asije akaonwa na wachukuzi. Kisha akachutama.

Harufu ya pemba ilikuwa nzito.

Akainua mikono ili apige. Haikukutana.

Alijaribu tena. Ilimwangukia mapajani, mizito, baridi. Aliisukuma kwa magoti, akaing'ata bila kusikia maumivu. Mikono iliyopiga makofi mbele ya Wazungu sasa ilikataa kupiga hata moja.

"Nimekuja," alinong'ona. Kwa mara ya kwanza aliogopa kweli, na mimi nasema alichelewa. "Nimekuja kusalimia..."



Halafu makofi yakasikika ndani ya kijumba.

Pa... pa... pa...

Kijumba kile hakikuweza kumficha hata kuku. Makofi yalikuwa ya polepole, ya viganja vilivyokunjwa. Urbain aligeuka upesi aone ni mzimu gani uliokuwa ukisalimiwa nyuma yake.

Hapakuwa na kitu. Ziwa lilikuwa chini kule, na taa za bandari zilianza kuwaka.

Akaitazama mikono yake. Ilikuwa myeupe hadi viwikoni, na weupe ulikuwa ukipanda.

Makofi yalisimama. Sauti ya bibi ikatoka kwenye nyasi, safari hii kwa heshima yote ambayo Urbain aliidai maisha yake yote.

"Karibu, mukubwa."