Sauti Kwenye Daraja la Tamarack

Walikutana Ijumaa moja ya masika, kwenye baa iliyofurika watu waliokuja kula samaki wa kukaanga. Solveig Brekke, aliyevaa koti jekundu la sufu, alipita meza kwa meza akiomba saini: halmashauri ya kaunti isitoze ada mpya ya usajili wa magari bila wapigakura kuridhia. Emil Wachowiak, fundi wa barabara wa kaunti, aliisogeza karatasi kando, akamvutia kiti.

"Sisaini. Ila kaa, ule."

"Unaogopa watu waulizwe, au unaogopa jibu lao?"

"Naogopa daraja la Tamarack. Bila ada hiyo halitakarabatiwa."

Walipendana kwa kasi iliyowashangaza wenyewe. Kila jioni Emil alimpigia, wakataniana mpaka simu zikapata moto. Agosti kura ikapigwa, na ada ikakataliwa. Emil akamlaumu kwamba sasa daraja la Tamarack litaachwa lioze. Solveig akamjibu kwamba asiyetaka watu waulizwe hajui kupenda mtu. Simu zikakoma.

Asubuhi moja ya Novemba, Solveig alikuwa akienda kazini, ukungu umeimeza barabara. Alipokaribia daraja, simu iliita.

"Simama hapo hapo, mke wangu," ilisema sauti ya Emil, taratibu. "Usivuke."

Akakanyaga breki. Mbele yake kitu kizito kiliguna. Kisha sehemu ya katikati ya daraja ikaporomoka mtoni, bila kishindo, kana kwamba ukungu umeidaka.

Habari zilipomfikia, Emil alikuja mbio, shavu moja bado limekufa ganzi. Alimkuta amekaa kando ya barabara, na alipoambiwa habari ya simu akaapa kwamba hakupiga: alikuwa kwa daktari wa meno, kinywa wazi, simu imo kwenye koti lililotundikwa nje.

Solveig akainuka, akajipangusa koti. "Tutawauliza watu tena. Safari hii tutagonga milango pamoja, na wewe uwaeleze ulichokuwa unakiona."

Emil akaitikia kwa kichwa.

"Uliniita mke wangu."

Emil akaona haya. "Sijawahi kukuita hivyo. Nimetamani tu."

"Basi niite."

Akamwita. Solveig akamkamata mkono asimwachie. Sauti ilikuwa ile ile, ila ile ya kwenye simu ilikuwa imezeeka.