Kidole mu Maziwa

Wekeni vikombe chini kwanza. Hii habari haisikilizwi na mutu mwenye iko nakunywa maziwa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu, pale Kashuga, saa jua inaanguka nyuma ya kilima. Daphrose alitoka kwa katekista na karatasi chini ya kitambaa, na kakopo ka wino mu mukono. Alikuwa napita nyumba ku nyumba kuomba bantu baweke alama ya kidole ku ile karatasi.

Ilikuwa sababu ya nyumba moja. Ile ya majiwe, yenye baba-mukwe yake, muzee Kanamugire, alijenga zamani, mbele barabara ya kwanza haijafika. Mule njo kesi za kilima yote zilikuwa nakatwa. Mwaka wa njaa, bantu balipanga mustari ku mulango wake, kila mutu kikombe moja ya maziwa, na hakuna mwenye aliulizwa anatoka kwa nani. Sasa Leta, ile serikali ya bazungu, ilipigilia vijiti mpaka katikati ya kiwanja. Barabara mupya itapita pale, nyumba ivunjwe.

Bantu balikusanyika, balisema mpaka sauti ikakauka. Shefu akabaambia:

“Mulete vidole makumi ine vya benye nyumba, Leta itapindisha barabara. Mukileta makumi tatu na kenda, musinisumbue.”

Daphrose njo alibeba ile kazi, juu bwana yake Gatera alikuwa mbali, ku madini ya Mubi, ndani ya pori ya Walikale, mwaka wa pili sasa. Nyumba ikianguka, yeye ataenda kulala kwa Drocella, muke wa shemeji yake. Afazali kulala na ngombe.

Ile mangaribi, Drocella mwenyewe alikuwa mutu wa makumi tatu na kenda.

“Nyumba ya panya, dada, nayo unaitafutia vidole?”

“Weka tu.”

“Naweka. Lakini haiko juu yako. Iko juu ya ile kikombe nilikunywa mwaka wa njaa.” Akafuta wino ku nyasi. “Wewe, ukikuja kulala kwangu, utachunga mbuzi.”

Akabakia mutu moja tu. Na huyo moja alikuwa mu kaburi.

Musikie vizuri. Katekista Théophile alikuwa mugeni, alitoka Mpofi, hakujua nani kwetu alikufa. Alitoa majina mu kitabu ya zamani ya ubatizo, na mama-mukwe ya Daphrose akaingia mule. Alipomusomea ile jina, Daphrose alijua. Angaliweza kusema: huyo mama alikufa, tafuta mwingine. Akanyamaza. Mu roho yake alisema: nitaweka kidole yangu ya kushoto, nani atajua?

Ile jina sitaitaja. Na miye niliolewa mu ule ukoo. Kwetu muke hataji jina ya mama-mukwe, hata akiwa amekufa, hata neno yenye kufanana nayo anaizunguka. Na kwetu tena, muzimu ikikufata, dawa yake ni kuiita jina. Ikisikia jina yake inarudi mu kaburi.

Muone sasa mutego yenye Daphrose alijitegea.

Daphrose na ule mama balikuwa na kesi ya zamani. Mama-mukwe alikuwa na tabia moja: maziwa ikikamuliwa, anatia kidole gumba ndani ya kyansi, kile chombo ya muti, anazungusha, analamba. Kidole yenye ukucha ya kupasuka, nyeusi, yenye harufu ya tumbako. Daphrose hakuweza kuikunywa. Kila mara alingojea ule mama muzee atoke, anamwangia imbwa ile maziwa. Siku ya mwisho, muzee iko mu kitanda, akaomba maziwa. Akapewa. Akatia kidole. Na Daphrose, mbele ya macho yake, akaimwanga chini.

Mutu wa ngombe hamwangi maziwa chini. Mutoto mudogo anajua.

Muzee hakulia. Alisema tu: “Iko siku utakunywa kidole yangu.”

Basi. Daphrose anapita kando ya zizi. Giza haijafika. Ngombe zote zimegeuza vichwa upande moja.

Harufu ikamufikia.

Maziwa ya kuoza. Maziwa ya siku kumi, yenye funza, na tumbako ndani yake.

Akasikia sauti, kidogo tu, pale ku mulango ya nyumba ya majiwe...

Nya... nya... nya...

Mutu iko nalamba.

“Bado moja,” sauti ikasema polepole. “Si njo vile, muke wa mutoto yangu? Bado moja.”

Alikuwa amekaa ku jiwe ya mulango, na shuka ya kaburi ku mabega. Uso, Daphrose hakuutazama. Alitazama ule mukono yenye kunyooshwa.

Jina ikapanda. Ikafika ku meno. Kuitaja tu, na yote iishe... Mudomo ikakataa. Miaka kumi na mbili alikuwa anaizunguka ile jina, ulimi haikujua tena njia yake.

“Leta karatasi.”

Akaleta.

Kidole ikaingia mu wino, ikashuka ku karatasi, ikakamata. Ilipoinuka, ngozi ikabakia pale. Ngozi yote ya kidole, nyembamba, ya manjano, yenye kukunjamana, sawa ile ngozi ya juu ya maziwa yenye kupoa. Na chini yake, kidole ilikuwa nyeupe na laini, bila mustari hata moja.

Muzee akailamba.

“Na kikombe yangu?” akauliza.

Daphrose alitapika palepale. Alipoinua kichwa, jiwe ilikuwa baridi, hakuna mutu. Alisugua karatasi na majani, na muchanga, na ukucha yake. Ngozi haikutoka. Asubui ilikuwa imekauka. Ilikuwa kidole sawa vidole vingine.

Siku ya tatu, karani wa Leta alikaa ku nyumba ya bageni, kilima yote imejaa inje. Akahesabu. Makumi ine.

“Barabara itapinda,” akasema. “Lakini mwenye nyumba yenyewe njo huyu wa mwisho. Asogee.”

Na akaita ile jina.

 Bantu bote pale balizika ule mama muzee. Gustave, kapita, musimamizi wa kazi ya barabara, alitazama vidole vya miguu yake. Mutu moja tu aseme “alikufa”, na majiwe inaanguka. Karani akaita mara ya pili. Daphrose akatazama Drocella. Drocella akageuza uso.

Mara ya tatu.

“Mimi,” Daphrose akasema.

“Weka kidole hapa, nilinganishe.”

Akaweka. Karani akainama, akatazama mustari ku mustari.

“Sawasawa. Njo ile ile.” Kisha akashika pua. “Nani ameingiza maziwa ya kuoza humu?”

Nyumba ikapona. Barabara ikapinda.

Drocella, mpaka siku alikufa, alisema hakukuwa muzimu. Alisema ile kidole ilikuwa ya Daphrose mwenyewe, aliitia mu maziwa ya juzi, na zambi ikamuharibu kichwa. Labda. Lakini tangu ile siku, Daphrose alikuwa nafunga kidole gumba yake na kitambaa. Balimuona siku moja mu muto bila kitambaa. Ilikuwa nyeupe na laini. Hakuna mustari hata moja.

Na imbwa ya kwake haikupata tena maziwa.

Gatera alirudi toka Mubi mwaka wenye kufata, saa ya mangaribi vilevile. Nyumba ya babake iko imesimama, akafurahi. Akaita ku mulango:

“Daphrose.”

Akagonga.

“Daphrose, ni miye.”

Nya... nya... nya...

Harufu ya maziwa ya kuoza ikamufikia, na ndani yake tumbako ya mama yake. Alitumikisha akili ya bazee. Yeye mutoto wa damu, hakatazwi. Akaita muzimu na jina yake, jina ya mama yake, kwa nguvu, ili irudi mu kaburi.

Ndani, muke wake akaitika.

“Karame, uishi sana, mutoto yangu. Ulichelewa.” Akatoka na kyansi mu mikono mbili, kitambaa haiko tena ku kidole. “Ingia. Barabara imekuchosha.”

Mutoto hakatai maziwa ya mama yake. Gatera akapokea. Akafunga macho, akakunywa.

Kitu laini ikamugusa ulimi.

Akaimeza.